Kiangazi na Maradhi ya Njia ya Mkojo

Kiangazi cha Karamoja, kaskazini mashariki ya Uganda, huanza yapata Novemba na kuendelea hadi Machi. Mito hukauka, vumbi hutanda, na maji hupimwa kama nafaka. Sisi tulio jeshini twaujua ukali wake: askari aliye doriani hunywa kwa kuhesabu mafunda, na mkewe kambini hujinyima ili watoto wapate.

Hapo ndipo maradhi ya njia ya mkojo yapatapo mlango. Mwili uliopungukiwa na maji hutoa mkojo haba, na vijidudu ambavyo vingesukumwa nje husalia kibofuni vikazaana. Aghalabu ni vijidudu vya E. koli, ambavyo makao yake ni matumboni mwetu, lakini vihamiapo njia ya mkojo hugeuka adui. Wanawake hushambuliwa zaidi, kwani njia yao ya mkojo ina urefu wa sentimita 4 hivi tu, hali ya mwanamume yapata 20.

Katika kambi moja tuliyotumikia, askari mmoja alirejea kutoka doria akamkuta mkewe, mja mzito, akilalamika kuwa haja ndogo yamchoma. Badala ya kumpeleka zahanati, alimtuhumu kwa uzinzi, akidhani ni kisonono. Bibi yule akanyamaza kwa aibu, hata homa na maumivu ya kiuno yakamwangusha. Mkojo ulipopimwa, kisonono hakikuwapo. Vijidudu vya kawaida vilikuwa vimekwisha panda figoni. Kwa bahati alitibiwa akapona, na mtoto alizaliwa salama, ingawa maradhi hayo huweza kuleta uchungu kabla ya wakati. Mume aliomba radhi mbele ya wazee.

Ndugu wasomaji, kinga yenyewe si ya gharama. Kwanza, tunywe maji safi ya kutosha. Mkojo wa manjano iliyokoza ni onyo. Utafiti uliotangazwa mwaka 2018 ulionyesha kuwa wanawake waliokuwa wakinywa maji machache na kuugua mara kwa mara, walipoongeza lita 1.5 kila siku, maradhi yalipungua kwa karibu nusu. Pili, tusizuie haja ndogo. Tatu, wanawake wajipanguse kutoka mbele kwenda nyuma, na waende haja ndogo baada ya tendo la ndoa. Nne, tusinunue dawa kwa kubahatisha wala kuikatiza tupatapo nafuu, kwani vijidudu huwa sugu. Mja mzito aonapo dalili, au yeyote aonapo damu katika mkojo, ambayo huenda ikawa kichocho, asingoje kesho.

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Nasi twaongeza: mume asihukumu kabla ya mkojo kupimwa. Askari hulinda mipaka ya nchi. Na aanze kwa kuilinda nyumba yake.