Je, Wajua? Maajabu ya Foleni ya Upasuaji wa Kupunguza Uzito

Mtu akishaamua kufanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito, hudhani kazi yote iliyobaki ni ya daktari. Kumbe kati ya kuandikishwa na kulazwa kuna miezi, pengine miaka, na humo mna mambo ya kushangaza kuliko kisu chenyewe. Haya hapa machache. Kama unamjua aliye kwenye foleni hiyo, msomee.

Foleni ndefu kuliko sekondari

Nchini Kanada, katika mwaka wa 2007–2008, watu 6,783 walikuwa wakisubiri upasuaji wa kupunguza uzito, ilhali waliofanyiwa ni 1,313 tu. Gawanya mwenyewe: ni zaidi ya miaka 5, muda ambao mtoto anaanza kidato cha kwanza, anamaliza cha nne na bado anabakiwa na mwaka mzima wa kukaa nyumbani. Kisukari na shinikizo la damu havipangi foleni na mgonjwa, ndiyo maana kliniki nyingi siku hizi huanza kumhudumia mtu tangu siku anapoandikishwa.

Upasuaji maarufu uliozaliwa kwenye foleni

Upasuaji wa kupunguza uzito unaofanywa kwa wingi zaidi duniani leo ulianza kama kituo cha kupumzikia tu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Michel Gagner na wenzake jijini New York walikuwa na wagonjwa wazito mno wasioweza kustahimili upasuaji mkubwa kwa mkupuo mmoja. Wakaugawa mara mbili: kwanza kukata sehemu kubwa ya mfuko wa chakula na kubakiza kitu kama mrija, kisha kungoja uzito upungue ndipo wafanye hatua ya pili kwenye utumbo. Ajabu ni kwamba baadhi ya waliokuwa wakingoja walipungua hata hatua ya pili ikakosa kazi! Kituo cha njiani kikageuka kuwa mwisho wa safari.

Mlango uliokaa bila kuguswa miaka 31

Masharti ya nani anafaa kufanyiwa upasuaji huu yaliandikwa Marekani mwaka 1991 na yakafuatwa karibu dunia nzima hadi 2022. Ya zamani yalitaka BMI (kipimo cha uzito ukilinganishwa na urefu) ya 40, au 35 kwa mwenye maradhi yanayoletwa na uzito. Mapya yanakubali 35 hata kama huna ugonjwa mwingine. Kwa mtu mwenye urefu wa mita 1.70, hiyo ni tofauti kati ya kilo 116 na kilo 101. Aliyewahi kuambiwa “bado hujafikia kiwango” ana sababu nzuri ya kurudi na kuuliza tena.

Heri kujua utaumia

Mwaka 2016, watafiti wa University College London waliwachezesha watu 45 mchezo wa kompyuta wa kubahatisha jiwe lipi lina nyoka chini yake. Nyoka akitokea, mchezaji anapigwa shoti kidogo ya umeme mkononi. Jasho halikuwatoka zaidi pale walipokuwa na hakika ya kupigwa. Liliwatoka zaidi pale walipokuwa na nafasi nusu kwa nusu! Kwa hiyo anayekosa usingizi kwa sababu hajapewa tarehe hana woga wa ajabu, ni ubongo wake unafanya kama bongo zote. Dawa mojawapo ni kuuliza maswali yenye majibu: hatua inayofuata ni ipi, kipimo gani kimebaki, na nimpigie nani simu nikiona kimya kimezidi.

Wanasheria waliofundisha dunia kungoja

Wahitimu wa sheria wa California hungoja takriban miezi minne kupata matokeo ya mtihani wa kuwa mawakili, na mwanasaikolojia Kate Sweeny akawageuza kuwa darasa la kusubiri. Aligundua kwamba mbinu nyingi tunazozitegemea, kama kujipa moyo kwa nguvu au kujiandaa kwa mabaya, hazikuwapunguzia hofu hata kidogo. Kilichosaidia ni kuzama katika shughuli inayokushika mpaka unasahau saa: bustani, cherehani, kinanda, hata mchezo wa bao. Na kuna habari njema kwa wenye wasiwasi: waliohangaika zaidi wakati wa kungoja ndio waliofurahi zaidi matokeo yalipokuwa mazuri, na yalipokuwa mabaya walikuwa tayari zaidi kuyakabili.

Ini linalokubali kusogea

Ini lina uzito wa takriban kilo moja na nusu, na upande wake wa kushoto umelala juu ya mfuko wa chakula, pale pale daktari anapotaka kupita. Likijaa mafuta huwa kubwa, zito na rahisi kuchubuka. Lakini watafiti wa Melbourne, Australia, walionyesha mwaka 2006 kwamba mlo mdogo sana wa wiki 12 hulipunguza ini kwa karibu asilimia 19, na sehemu kubwa ya kupungua huko, asilimia 80, hutokea katika wiki mbili za kwanza! Ndiyo sababu ya mlo mkali unaoagizwa siku za mwisho. Anayeufuata anamfungulia daktari njia, na kuuvunja kunaweza kuahirisha upasuaji mezani.

Maji yaliyojificha kwenye wanga

Kila gramu moja ya akiba ya wanga iliyomo kwenye ini na misuli hushikilia takriban gramu tatu za maji. Ukipunguza ugali, wali na sukari, akiba hiyo inaliwa na maji yake yanaondoka, ndiyo maana mizani hushuka kwa kasi wiki ya kwanza kisha ikatulia. Kujua hilo kunaokoa machozi mengi: wiki ya tatu ikigoma, si kwamba umeshindwa, ni kwamba maji yamekwisha na sasa zamu ni ya mafuta, nayo hayana haraka.

Kilo moja ni kilo nne

Kwa watu wazima wenye magoti yanayouma, kila kilo moja unayopunguza huliondolea goti mzigo wa kilo nne kwa kila hatua. Hesabu hiyo ilitoka kwa watafiti wa North Carolina waliopima watu 142 na kuchapisha matokeo mwaka 2005. Sasa piga hesabu: ukipunguza kilo 10 tu ukiwa kwenye foleni, kila hatua inapungua kilo 40, na hatua 5,000 za siku moja zinakuondolea jumla ya tani 200. Magoti huanza kushukuru kabla daktari hajavaa glavu.

Mkoromo unaoingia kwenye faili

Zaidi ya nusu ya wanaojiandaa kwa upasuaji huu wana tatizo la pumzi kukatika usingizini, na wengi hawajui. Mgonjwa anadhani anakoroma tu kama babu yake, kumbe koo linaziba mara kadhaa kila saa na mwili unagutuka bila yeye kuamka kabisa. Daktari wa usingizi, yaani anayemlaza mgonjwa kwa dawa wakati wa upasuaji, anahitaji kulijua hilo mapema, na mashine ya kusukuma hewa puani ikianza kutumika miezi ya kungoja, uchovu wa mchana hupungua na kutembea kunakuwa rahisi. Mwenzako chumbani ni shahidi muhimu; mpeleke kliniki.

Mwili mkubwa wenye njaa ya ndani

Mtu mwenye uzito uliozidi anaweza kuwa na upungufu wa virutubisho, na vitamini D ndiyo inayokosekana mara nyingi zaidi, hata kwa wanaoishi kwenye jua kali. Vitamini hiyo huyeyuka katika mafuta, hivyo sehemu yake hujichimbia humo badala ya kuzunguka kwenye damu. Baada ya upasuaji, kufyonza madini ya chuma na vitamini B12 huwa kugumu zaidi, kwa hiyo kupima damu na kujaza pengo wakati wa kusubiri ni kama kununua nusu ya nafuu mapema.

Puto linalotoa siri kwa mkojo

Baadhi ya wagonjwa wasioweza kupasuliwa mara moja huwekewa puto tumboni kupitia mdomoni, likajazwa maji ya chumvi ya nusu lita hivi, likakaa miezi sita kwa kawaida. Maji hayo huchanganywa na rangi ya bluu: puto likitoboka, mkojo unageuka kijani au bluu, na hapo hapo unajua pa kukimbilia! Huduma ya puto imefika hata kwetu. Dar es Salaam hutolewa katika Hospitali ya Taifa Muhimbili, Mloganzila. Kwa mzito sana, puto ni daraja la kumfikisha chumba cha upasuaji akiwa na hatari ndogo.

Mjusi mvivu aliyebadilisha foleni

Mjusi mwenye sumu wa jangwa la Marekani na Mexico, aitwaye Gila, hula mara chache tu kwa mwaka mzima. Mwaka 1992 daktari John Eng wa New York alikuta kwenye sumu yake kemikali inayofanana na homoni yetu ya utumbo inayodhibiti sukari na shibe, na mwaka 2005 Marekani ikaidhinisha dawa ya kisukari iliyotokana nayo. Ilikuwa ya kwanza katika ukoo wa sindano za kupunguza uzito zinazovuma leo, na wapo wanaozitumia wakiwa wanasubiri upasuaji. Angalizo moja: dawa hizi huchelewesha chakula kutoka tumboni, kwa hiyo daktari wa usingizi lazima aambiwe.

Sukari isiyosubiri kilo

Mwaka 1995 daktari Walter Pories na wenzake wa North Carolina walitoa taarifa ya wagonjwa 608 waliofanyiwa upasuaji huu na kufuatiliwa kwa hadi miaka 14. Kati ya 146 waliokuwa na kisukari, 121 walipata sukari ya kawaida, na kwa wengi ilianza kushuka siku chache tu baada ya upasuaji, kabla uzito haujapungua kwa maana! Mwenye kisukari aliye kwenye foleni ajue mapema: dozi zake za insulini zinaweza kubadilika ghafla, kwa hiyo azoee kujipima nyumbani tangu sasa.

Vijiko viwili vya chakula

Mfuko wa chakula wa kawaida hutanuka na kupokea lita moja na zaidi. Kijifuko kinachobaki baada ya upasuaji wa kuupitisha utumbo kando hupokea mililita 30 hivi, yaani vijiko viwili vya chakula. Mwenye kijifuko hicho lazima atafune taratibu mpaka tonge lilainike kabisa, na asishushie chakula kwa maji. Anakunywa baada ya nusu saa. Kwetu tuliozoea glasi ya maji kando ya sahani na sinia la kushindania, hayo si mambo ya kujifunza ukiwa na mshono.

Siku 66 za kulizoesha jambo

Phillippa Lally na wenzake wa London waliwafuatilia watu 96 waliokuwa wakijenga zoea jipya, wakakuta jambo hujifanya lenyewe baada ya wastani wa siku 66. Mwepesi kuliko wote alichukua siku 18, na mzito alikadiriwa 254. Tena, kuruka siku moja hakukuharibu kitu. Basi miezi sita ya kungoja inatosha mazoea mawili, ukiyapanga moja baada ya jingine: kutafuna taratibu kwanza, kuacha maji wakati wa kula baadaye. Ukianza leo jioni, siku ya 66 inahesabika kwenye kalenda, hata kama tarehe ya hospitali bado haijatoka.