Jangwa Linapochanua: Ayapaswayo Kuyajua Msafiri wa Namaqualand

Namaqualand ni eneo kame lililoko kaskazini-magharibi mwa Afrika Kusini, katika jimbo la Northern Cape. Sehemu zake nyingi hupata mvua isiyofikia milimita 250 kwa mwaka. Hata hivyo, kwa majuma machache kati ya Agosti na Septemba, ardhi ya vumbi na mawe hufunikwa na maua ya rangi ya machungwa, njano, nyeupe na zambarau, na wageni humiminika kutoka pande zote za dunia.

Msomaji aliyezoea Hifadhi ya Kitulo, ambako maua hushamiri katika miezi ya mvua kuanzia Desemba hadi Aprili, atashangaa kwamba huko mvua huja wakati wa baridi. Mimea humea katika ubaridi huo, ikachanua jua linapoanza kupata nguvu, kisha ikamwaga mbegu kabla ya kiangazi kuikausha.

Siri kubwa imo udongoni. Mbegu za maua ya msimu hazioti zote kwa pamoja, hata mvua ikiwa njema. Nyingine hubaki zimelala kwa miaka. Kama zote zingeota mwaka mmoja na mvua ikakatika, kizazi chote kingeteketea. Kwa sababu hiyo hakuna miaka miwili inayofanana, na anayekata tiketi kwa kuitazama kalenda pekee, bila kuulizia mvua ya Mei na Juni, anaweza kukuta mawe matupu. Hata msimu uliostawi huweza kukatishwa na siku chache za upepo wa joto utokao bara.

Saa nayo ina uzito wake. Mengi ya maua hayo, ambayo ni ya jamii moja na alizeti, hufunguka jua likishapanda na kufumba alasiri; siku ya mawingu hayafunguki kabisa. Kwa kuwa jua la kusini mwa dunia hupita upande wa kaskazini, maua huelekea huko. Msafiri aendaye kusini huyaona usoni. Arudiye kaskazini huona visogo.

Mahali panapojulikana zaidi ni Skilpad, karibu na mji mdogo wa Kamieskroon, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Namaqua. Kutoka Cape Town ni safari ya takriban kilomita 500 kwa barabara kuu ya N7. Zulia maarufu la machungwa hapo limeota juu ya mashamba ya zamani, kwani maua hayo hupenda udongo uliowahi kulimwa.

Mimea mingine haivumilii kuguswa. Miongoni mwa mawe humea mimea midogo minene iitwayo Conophytum, mingine haizidi ukubwa wa kifungo cha shati, nayo hukua polepole mno. Tangu mwaka 2019 wizi wake umeongezeka sana, ikiuzwa ng'ambo kwa wapenda mapambo, na baadhi ya aina zimekaribia kutoweka porini. Mgeni anatakiwa kutotoka njiani, maana kiatu kimoja huweza kuponda mmea uliokua kwa miaka mingi. Picha inayoonyesha mahali hasa ulipo mmea adimu nayo huweza kumwelekeza mwizi, hivyo ni vyema kutoisambaza. Anayetaka kuipanda nyumbani ainunue katika kitalu chenye kibali. Kuing'oa porini bila idhini ni kosa la jinai.