Idara za Lugha na Hifadhi ya Mazingira: Mfano wa Awendo

Hifadhi ya mazingira huhesabiwa mara nyingi kuwa kazi ya vitivo vya sayansi. Hali ya Awendo, katika Kaunti ya Migori, yaonyesha upungufu wa fikira hiyo. Tangu kiwanda cha sukari cha South Nyanza kianzishwe mwaka 1979, miwa imekuwa zao kuu la biashara huko. Jirani yake kuna Chuo Kikuu cha Rongo, kilichopata hati yake mwaka 2016. Ibara ya 69 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 yaitaka Serikali ihimize wananchi kushiriki katika kutunza mazingira. Lakini mkulima atashirikije katika jambo asilolisikia kwa lugha yake?

Neno moja la Kijaluo latosha kuwa mfano. Yath ni mti, na pia ni dawa. Kiswahili hukaribia maana hiyo kinaposema mitishamba. Mtafiti anayeandika “mti” peke yake huacha nje nusu ya thamani yake machoni pa wenyeji.

Kwa hiyo idara za lugha zina wajibu wa namna mbili: kukusanya msamiati wa mimea, udongo na maji kutoka kwa wazee, na kuwarudishia wenyeji matokeo ya utafiti kwa lugha wanayojadiliana. Bila hayo, elimu ya chuo itaishia uani mwake.