MOTOKARI INAYOPIGA MAGOTI



Wengi wenu mmeona ile motokari nyeupe ya zamani inayosimama karibu na atelie siku za Jumamosi. Asubuhi iko chini kabisa, tumbo karibu linagusa udongo, kama kuku anayeatamia mayai. Dereva anawasha moteri, anangoja kidogo, halafu motokari inaamka yenyewe: kwanza nyuma, kisha mbele. Wadogo wetu wa madarasa ya chini wanapiga makelele na kusema kuna ndoki ndani. Hakuna ndoki. Kuna mafuta na gesi tu.

Motokari ile ni ya mjomba wangu. Ni Citroën BX, aina iliyotengenezwa Ufaransa tangu 1982 mpaka 1994. Mwaka uliopita ilibaki kidogo tu iue mtoto wa watu, tena katika mikono ya wanaojiita mafundi. Mimi kama kapita wa wanafunzi nimezoea kuandika katika gazeti hili juu ya kuchelewa na usafi wa mabweni, na najua wengine wanaruka ukurasa. Safari hii naomba msiruke, kwa maana kati yetu wa mekanike wako wengi ambao baada ya egzamen deta wataingia garaje, na motokari kama hizi wataletewa.

Kwanza tuelewe mashini yenyewe. Motokari ya kawaida inakaa juu ya resori za chuma. Ukipakia magunia ya mihogo nyuma, resori zinajikunja na motokari inainua pua. BX haina resori za chuma. Kila gurudumu liko na silinda yake, ndani mna pistoni, na kwenye kichwa cha silinda kumefungwa sfera, yaani mpira wa chuma wenye ukubwa wa pamplemusi kubwa. Sfera imegawanywa katikati na ngozi ya kaucho inayoitwa membrani. Upande mmoja mafuta, upande mwingine gesi ya azoti. Mwalimu wa fizika alitufundisha kwamba maji na mafuta hayakubali kubanwa, lakini gesi inakubali. Basi gurudumu likiingia shimoni na kutoka, pistoni inasukuma mafuta, mafuta yanasukuma membrani, azoti inabanwa halafu inarudisha. Resori ni ile azoti. Mafuta ni mjumbe tu kati ya gurudumu na gesi. Na pale mafuta yanapoingilia sfera kuna vitundu vidogo vinavyoyazuia yasipite mbio. Hivyo ndivyo amortisere ya motokari hii.

Sasa nani anayaleta mafuta? Kuna pompi inayozungushwa na moteri kwa mkanda. Inavuta mafuta katika chombo chini ya kapo na kuyapeleka kwa regulateri, yenye sfera yake ya tano ya kuweka akiba. Presio ikifika karibu bar 170 regulateri inafunga, pompi inapumzika. Ikishuka karibu bar 145 inafungua tena. Ukisimama karibu na moteri unasikia: tak! Pine ya motokari iko na bar 2 tu hivi. Bar 170 maana yake ni kama kilo 170 juu ya kila sentimeta mraba. Fikiri mifuko mitatu ya sementi ya kilo 50, na juu yake umeketisha mtoto wa kilo 20, yote hayo juu ya ukucha mmoja wa kidole gumba. Nguvu hiyo iko ndani ya mrija mwembamba kuliko penseli.

Kuna tena kipimaji cha urefu, kimoja mbele na kimoja nyuma. Watu wakiingia, motokari inashuka kidogo, fimbo ndogo inavuta kipimaji, mafuta yanaingia, motokari inarudi urefu wake. Wakitoka, mafuta yanarudi katika chombo. Karibu na kiti cha dereva kuna mkono wa kuchagua urefu, nafasi nne: chini kabisa, kawaida, juu kidogo, juu kabisa. Kwa njia ya Bafwasende wakati wa mvua, nafasi ya tatu ni baraka.

Citroën walianza mambo haya 1954 kwa magurudumu ya nyuma tu ya motokari moja kubwa, na 1955 wakaonyesha DS kule Paris. Siku ya kwanza watu 12,000 waliandikisha kuinunua. Mwenye akili ya mafuta hayo aliitwa Paul Magès. Tarehe 22 mwezi wa 8, 1962, wakati watu walipompiga risasi Jenerali de Gaulle kule Petit-Clamart, alikuwa ndani ya DS. Pine mbili zilitobolewa na dereva akaendelea kwa mbio mpaka wakapona. Hata Rolls-Royce walinunua ruhusa ya kutumia ufundi huo. Motokari ya mwisho ya Citroën yenye sfera hizi, C5, iliacha kutengenezwa 2017. Zilizobaki zote ni zee au zinazeeka, na vipuri vinazidi kuwa mbali.

Na jambo ambalo wengi hawajui: mafuta yale yale ndiyo yanafunga freni. Katika BX freni za mbele zinachukua presio ya regulateri, na za nyuma zinachukua presio ya suspansio ya nyuma. Kwa hiyo mtu akisema, «Ni suspansio tu, twende polepole», anakudanganya. Taa nyekundu ya STOP ikiwaka, hutembei.

Ilivyotokea kwetu: motokari ilikuwa inachelewa kuamka, kila wiki zaidi. Mjomba akaipeleka kwa garaje moja ya mtaani, jina silitaji. Wakaona mafuta yamepungua. Wakachukua chupa ya mafuta ya freni, yale ya motokari zote, wakamimina. Hilo ndilo kosa la kwanza, na ndilo lililokula pesa nyingi kuliko yote.

Sikilizeni vizuri hapa. DS za zamani zilitumia mafuta mekundu yaitwayo LHS. Baadaye, tangu mwisho wa 1966, wakaingiza mafuta ya kijani, LHM, yanayotokana na petroli ya ardhini. Mipira ya motokari ya kijani haipendi mafuta mekundu wala mafuta ya freni: inavimba, inalainika, inaharibika. Na ya mekundu vilevile haipendi ya kijani. Ndiyo maana chombo cha BX kiko na kifuniko cha kijani. Kabla hujashika kle, fungua kifuniko, tia kijiti kisafi, angalia rangi. Ya kwetu ilitoka kahawia yenye harufu mbaya, hata mwalimu wa atelie alitikisa kichwa.

Wiki mbili baadaye ikakataa kabisa kuamka vizuri. Wakairudisha palepale. Fundi akawasha moteri, akavuta mkono mpaka juu kabisa, motokari ikajivuta ikajivuta, ikasimama juu. Akazima. Akamwita mwanafunzi wake, kijana anayenipita kidogo tu kwa umri, aende chini kufungua mrija wa nyuma. Bila kriki. Bila mbao. Mimi nilikuwa pale, na nasema kweli hata mimi sikuona ubaya. Si imeinuka yenyewe? Mzee mmoja aliyekuja kutengeneza baiskeli yake ndiye aliyesema: «Weye mutoto, toka kwanza. Hii kitu iko inasimama juu ya maji.» Walicheka. Lakini mzee akachukua rimu ya kamio iliyolala pale, akaisukuma mwenyewe chini ya motokari, karibu na mabega ya kijana. Kijana akazungusha kle. Mafuta yakaruka, pshiii, na nyuma ya motokari ikashuka kabla sijahesabu mbili. Ikagonga rimu na kukaa pale. Kijana alitoka na jeraha la bega na uso mweupe kama chaki. Yule mzee alipanda baiskeli yake akaenda, hata jina hatukuuliza.

Baada ya siku ile mjomba aliivuta motokari mpaka kwetu, na mwalimu wa atelie akakubali tuitengeneze kama kazi ya finalisti.

Tulianza kwa kuiweka juu ya magogo ya mti mgumu, pande nne, chini ya mahali penye chuma kigumu. Halafu tukatoa presio: kwenye regulateri kuna visi ya kle ya 12, unalegeza mzunguko mmoja, usiitoe yote. Unasikia mafuta yanarudi katika chombo. Ndipo tukatafuta panapovuja. Kumbe ugonjwa wa kwanza ulikuwa mdogo! Juu ya pompi kuna kitu cha kaucho chenye mikono mingi ya kurudisha mafuta. Wafaransa wanakiita pweza, mnyama wa bahari mwenye mikono minane. Mkono mmoja ulikuwa umepasuka kwa uzee. Mafuta yalikuwa yanatoka pale kidogo kidogo, na pompi inavuta hewa. Kipande cha mrija na bango mbili za kukaza zingetosha.

Ukitafuta tundu katika mirija ya presio, usipitishe kidole. Uzi mwembamba wa mafuta kwa bar 170 unaingia katika ngozi kama sindano, na hiyo ni kazi ya mganga wa upasuaji siku hiyo hiyo. Tulipitisha kipande cha karatoni.

Sfera tulizijua kwa kubonyeza. Motokari ikiwa imeamka, keti juu ya kona moja halafu ondoka. Ikicheza laini, azoti ipo. Ikiwa ngumu kama benchi la kanisa, azoti imekwisha. Ya regulateri unaijua kwa sikio: ukisikia tak, tak, tak kila sekunde chache, akiba haipo, au mahali fulani mafuta yanakimbia. Zetu zote tano zilikuwa zimekufa.

Hapo ndipo likaja shauri la pili la kuua. Soda mmoja, mtu mwema kabisa, alisema ana chupa ya oksijeni, tujaze kwa hiyo, «gesi ni gesi». Mwalimu wa kemia alikuja mbio kutoka darasani, chaki mkononi. Oksijeni yenye presio ikikutana na mafuta inawaka bila kiberiti, na mpira wa chuma ulio karibu na kichwa chako unakuwa bomu. Azoti ilichaguliwa kwa sababu haiwashi kitu. Sfera za DS za zamani zilikuwa vipande viwili, mtu aliweza kuzifungua na kubadili membrani. Za BX zimeunganishwa kwa moto, kwa hiyo tulilazimika kungoja mpya. Binamu wa mjomba aliyeko Brussels alizinunua, zikaja kwa meli mpaka Matadi, kwa kamio mpaka Kinshasa, na kwa boti karibu kilometa 1,700 za mto mpaka bandari yetu. Miezi mitano.

Wakati wa kungoja tuliosha. Tulimwaga mafuta yote, tukatia LHM, tukaendesha mkono juu na chini, tukamwaga tena, mara tatu. Vichujio viwili vya chombo tulivisafisha kwa esanse na kuvikausha. Mipira iliyovimba tulibadili. Fimbo ya kipimaji cha nyuma ilikuwa imeshikwa na udongo mwekundu wa njia zetu, ndiyo maana nyuma ilikuwa inabaki juu hata bila mzigo. Kusugua na grisi, saa moja, bila senti hata moja.

Sfera mpya inafungwa kwa mkono tu, na pete mpya iliyopakwa LHM. Kle ya mnyororo ni ya kufungulia. Ukiwasha moteri, acha visi ya regulateri wazi kidogo mpaka pompi ishike mafuta, ndipo ufunge. Kisha panda-shuka mara nyingi kutoa hewa, na freni nazo zitolewe hewa. Mafuta yanapimwa moteri ikizunguka na motokari ikiwa juu kabisa, si ikiwa imelala, la sivyo utadhani yamejaa.

Sasa inaamka vizuri na tak yake inasikika polepole. Bado bearing za mikono ya nyuma: ukisimama nyuma unaona magurudumu yameinama ndani kwa juu, kama mtu mwenye magoti mabaya. Mjomba anasema pesa ya hiyo itatoka baada ya minerval ya watoto.

Sfera moja kuukuu, ambayo membrani yake ilipasuka na gesi kwisha, mwalimu wa atelie ameikata katikati ili tuone ndani. Msijaribu nyumbani, ile yenye gesi haikatwi. Itaonyeshwa Jumamosi baada ya kazi za usafi, finalisti kwanza, halafu wengine. Motokari itakuwa juu ya magogo na rimu ya kamio itakuwa chini yake. Mkono ulio karibu na kiti cha dereva asiuguse mtu.

Kapita wa wanafunzi,
finalisti wa mekanike