Taa ya nje isiwe mtego kwa mtoto

UMEME ukishaingia nyumbani na taa ya sebuleni ikawaka, haipiti muda familia huanza kutaka taa ya nje. Choo kiko uani, jiko liko uani, mifugo iko uani, na watoto hutoka usiku. Kwa familia za Chitete, yaliko makao makuu ya Halmashauri ya Wilaya ya Momba mkoani Songwe, na vijiji vingine vilivyofikiwa na miradi ya Wakala wa Nishati Vijijini (REA), taa hiyo si anasa.

Tatizo huwa ni jinsi inavyofungwa. Hununuliwa waya laini wa kutengenezea ekstensheni, ukapitishwa dirishani, ukalazwa juu ya bati na kufungwa kwenye mti. Taa inawaka, kila mtu anafurahi. Hatari hujitokeza baadaye, mvua zikianza.

Angalia ganda kabla ya unene

Taa ya LED ya wati 9 kwenye umeme wa volti 230 hutumia takribani ampea 0.04 tu. Waya wa milimita za mraba 1.5, ambao ni wa kawaida kwa taa, unatosha kwa taa kadhaa za uani. Cha kuuliza dukani ni ganda lake.

Waya mweupe wa ndani ya nyumba haukutengenezwa kukaa juani. Jua hulipausha ganda, likakakamaa na kupasuka, maji yakaifikia shaba. Nje tumia waya uliopitishwa ndani ya paipu ya umeme, au kebo yenye ganda nene jeusi linalostahimili jua. Ya kufukiwa ardhini iwe ile yenye nyuzi za chuma chini ya ganda, ili jembe lisiikate.

Hakikisha kuna nyaya tatu, mmoja ukiwa wa ethi, wenye rangi ya kijani na njano. Tafuta alama ya TBS na ukubwa uliochapwa kwenye ganda. Kisha kwangua uzi mmoja wa ndani kwa kisu. Ukiona weupe chini ya rangi ya shaba, hiyo ni aluminiamu iliyopakwa shaba, iache.

Usiupitishe juu ya bati

Bati hupitisha umeme. Waya uliochubuka ukiligusa, na kamba ya kuanikia nguo ikiwa ni ya chuma na imefungwa hapo, anayeanika nguo mbichi anaweza kupigwa na umeme bila kuugusa waya wenyewe. Mti nao si nguzo. Upepo ukiutikisa, tawi husugua ganda mpaka likaisha.

Njia salama ni ukutani, ndani ya paipu, juu ya kimo cha mtoto. Tundu la kutokea nje liinamie nje ili maji yasirudi ndani. Usibane waya kwa dirisha au mlango.

Kama lazima ukatize uwanja, chimba mtaro wa angalau nusu mita, na zaidi panapolimwa. Laza kebo juu ya mchanga, ifunike kwa mchanga, panga matofali juu yake kisha fukia. Fuata ukingo wa uzio badala ya kukata katikati ya bustani, na chora ramani ya njia hiyo uitunze. Kiungo cha kufungwa kwa tepu kisiwe nje wala ardhini. Kiwe ndani ya kiboksi kisichoingiza maji. Taa nayo iwe ya nje, iliyoandikwa IP65.

Breka peke yake haitoshi

Wazazi wengi huamini kwamba mtoto akiguswa na umeme, breka itakata. Breka ya taa, ya ampea 6 au 10, kazi yake ni kuzuia waya usiungue. Mkondo mdogo kama ule wa taa ya wati 9 ukipita mwilini unaweza kukaza misuli na kuzuia pumzi, na ukidumu unaweza kuvuruga mapigo ya moyo. Breka haiwezi kuuona.

Kinachouona ni kifaa kiitwacho RCD. Hulinganisha umeme unaokwenda na unaorudi, na ukipungua kwa kuvuja hukata mara moja. Omba cha miliampea 30. Bonyeza kitufe chake cha T walau kila miezi mitatu. Kisipokata umeme, kibadilishwe.

Ada ya kuunganishwa vijijini ya Sh27,000 haihusishi kutandaza nyaya ndani na nje ya nyumba. Hiyo ni kazi ya fundi wako, na ana wajibu wa kuwa na leseni ya EWURA. Omba kuiona. Kama choo kiko mbali na fedha hazitoshi, taa ya sola yenye paneli yake ni bora kuliko waya wa kubahatisha.

Mtu akinaswa na umeme usimshike. Zima swichi kuu kwanza. Ikishindikana, simama pakavu umsukume kwa mti mkavu. Watoto wafundishwe hivi: wakiona waya umeanguka, wasisogee, waite mtu mzima.

Mvua za Songwe huanza Novemba hadi Aprili. Kabla hazijaanza, zima umeme, zunguka nyumba na ukague kila waya wa nje, kuanzia ule ambao mtoto wako mdogo anaweza kuufikia.