Una miaka 38 na unataka kusomea kompyuta? Piga hesabu kwanza

Keshia, mwalimu au dereva wa matatu anaweza kujifunza kuunda programu au kuchambua data hata akiwa na miaka 40. Akili mtu mzima anazo. Kinachombana ni kodi ya nyumba na karo ya watoto, ambazo hazingoji amalize kozi.

Kwa hivyo anza na cha bure. Mpango wa serikali wa Ajira Digital, ulioanza 2016, hufundisha kazi za mtandaoni bila malipo. Ukiambiwa utume "ada ya usajili" ya Ajira kwa namba ya mtu, huyo ni tapeli, usimtumie hata shilingi kumi. Ukishajaribu hapo ndio utajua kama unaweza kukaa na kompyuta masaa mawili kila usiku ukitoka kazini. Wengine hugundua hawapendi, na ni sawa tu, bora wajue kabla ya kulipa.

Chuo cha kulipia, kama Moringa pale Nairobi, kinataka mpango. Uliza kama wanakubali malipo kwa awamu, na ukiacha katikati pesa zako zitarudi vipi. Lipa kwa Paybill ya chuo, hakikisha jina unalolipa ni la chuo chenyewe, na ile meseji usiifute.

Karo usiilipe kwa mkopo wa simu wa siku 30. Kozi ni ya miezi, na deni litaanza kukudai kabla hujaandika programu yako ya kwanza.