Hesabu ya Ploti ya 50 kwa 100

Kati ya Thika na Ruiru, mashamba mengi ya kahawa yamekatwa ploti. Sensa ya 2019 ilihesabu karibu watu 490,000 mjini Ruiru, na mabomba hayajawafikia wote. Mwenye ploti huchimba kisima chake, kisha akachimba choo cha shimo huko nyuma.

Sasa tupige hesabu. Ploti ya futi 50 kwa 100 ni takriban mita 15 kwa 30. Wataalamu wa maji hushauri choo kikae angalau mita 30 kutoka kisimani, na sakafu ya shimo iwe mita 1.5 au zaidi juu ya maji ya ardhini. Ukichimba kisima kona hii na choo kona ya mkabala, unapata mita 33 hivi. Umepona, ila kwako tu. Jirani naye ana kona zake, na huenda choo chako kiko hatua tano kutoka kisima chake. Ukuta wa mawe huzuia wezi. Hauzuii kinachopita chini.

Udongo wenyewe huchuja vijidudu vingi, mradi maji yapite polepole. Kwenye mwamba wenye nyufa hayachujwi. Kwenye udongo mweusi wa upande wa Juja, masika hujaza shimo mpaka linafurika.

Mafunzo ya usafi vijijini yamekazania kukomesha kujisaidia vichakani. Mbinu iliyozaliwa Bangladesh kupitia Kamal Kar, na kuingia Kenya 2007, huwaita wanakijiji wachore ramani ya kijiji chao chini na waonyeshe kinyesi kilipo. Ni mbinu nzuri. Ila kwenye ploti choo kipo, na ndiyo maana hakuna anayeshtuka. Mimi ningewaomba wahudumu wa afya ya jamii waitumie ramani hiyohiyo kuonyesha visima na vyoo vya mtaa mzima, ua kwa ua.

Kuchemsha maji mpaka yatokote huua vijidudu vya kipindupindu na homa ya matumbo. Klorini pia, maji yakiwa hayana tope. Nitreti inayotoka chooni ni habari nyingine: klorini haiigusi, na ukichemsha maji hupungua, yenyewe ikabaki. Anayeumia ni mtoto mchanga wa maziwa ya kopo, kwa sababu nitreti hufanya damu yake ishindwe kubeba oksijeni vizuri. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 50 kwa lita, na ladha haitakwambia kama kimepitwa. Hilo ni kazi ya maabara.

Ibara ya 43 ya Katiba inampa kila mtu haki ya usafi wa mazingira wa kiwango kinachofaa. Kaunti inayoidhinisha ploti ndogo hivi pasipo bomba wala mtaro wa majitaka inaivunja. Nawe mwenye ploti, kabla hujamwita fundi wa kisima, bisha hodi kwa jirani uulize choo chake kiko wapi.